Nusu ya Uso wa Mama Carol

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, nitampitisha haraka, maana aibu yenyewe iko mbele.

Mimi ni Hardy, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma One, mtafsiri wa sinema katika holi la mabati lililo karibu na soko. Nilisimulia jinsi projekta ya kwanza ilivyoungua mikononi mwangu. Nikasimulia jinsi nilivyompenda Carol, binti wa kijiji cha Lopur anayeuza dawa kule mjini Lodwar. Nikaishia pale mama yake, Mama Nawoi, aliposhutumiwa kuuza inveta ya pampu ya maji, kile chuma kinachogeuza umeme wa jua mpaka pampu ivute.

Leo nasimulia mimi nilichofanya. Ukinichukia ukimaliza kusoma, sitakulaumu.

Kwanza uelewe holi letu.

Kila Jumapili baada ya kanisa tunaonyesha mfululizo mmoja wa zamani za wafalme, *Taji la Chumvi*. Kuna ngome, kuna farasi, kuna panga ndefu, na kuna joka linalolala ndani ya kisima. Mimi hukaa kando ya shuka tunalotumia kama skrini, maikrofoni mkononi, nawatafsiria watu kwa Kiswahili.

Siri ni kwamba nusu ya maneno siyaelewi. Wafalme wale wanaongea Kiingereza kama watu wenye kiazi moto mdomoni, na Kiingereza changu kiliishia darasa la sita. Basi sisikilizi. Nasoma picha.

Aliyenifundisha kusoma picha ni mwalimu Mugure, aliyeletwa kutoka Nairobi kutufunza kamera hapa kambini. Alituambia mtu ukimpiga picha kutoka chini, anakua. Ukimpiga kutoka juu, unampunguza. Uso wote ukiwa kwenye mwanga, mtazamaji anaamini. Nusu ikiwa kivulini, anaanza kushuku. Alisema pia kwamba hayo yote huamuliwa na mwenye kamera, si na anayepigwa. Hilo la mwisho nililisahau kwa hiari yangu, kwa sababu halikuwa na faida kwangu.

Kule holini nilikuwa nabii.

"Oneni kamera imelala kwenye buti za mfalme," nawaambia. "Huyu hapingwi leo. Sasa oneni mshauri wake, sikio moja liko gizani. Huyo ataiuza ngome."

Wiki mbili baadaye mshauri anaiuza ngome kweli, na holi zima linapiga makofi kana kwamba ngome nimeijenga mimi. Ikawa mchezo wetu. Madut, fundi wa baiskeli anayekaa benchi la mbele kila Jumapili, akiona tu uso uliogawanyika anapaza sauti, "Nusu giza." Na mabenchi yote yanajibu, "Mwongo."

Nilicheka nao. Niliona nimewafundisha kitu.

Sasa turudi kwenye maji. Pampu ya Lopur inanywesha wenyeji na sisi wakimbizi. Funguo za nyumba ya pampu alikuwa nazo Mama Nawoi. Inveta ilipotoweka, mwenyekiti wa kamati ya maji, Erupe, alisema hahitaji kupeleleza: mwenye funguo ndiye mwizi.

Lakini wanachama wa pampu wametawanyika. Wengine wako na mbuzi, wengine kambini, wengine mjini. Ikaamuliwa Erupe na Mama Nawoi warekodiwe kila mmoja akieleza, picha zionyeshwe holini Jumapili, halafu watu wanyooshe mikono. Mwenye kamera ni nani? Macho yakanigeukia.

Carol alinipigia kabla jua halijapanda.

"Hardy, usiishike hiyo kamera."

"Ni heri niishike mimi kuliko mtu asiyemjua mama yako," nikamwambia. "Mimi nitamtoa vizuri."

Kisha akasema, "Sawa. Nakuamini."

Maneno hayo ninayo mpaka leo, na sijui niyaweke wapi.

Nilianza na Erupe, nyumbani kwake Kakuma mjini. Alitoka amevaa suti, mkononi ameshika ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho wazee wa Kiturkana hukikalia na kukilalia. Akakiweka chini ya ukuta, akaketi, magoti yakamfika kifuani. Hivyo ndivyo mzee anavyoketi mbele ya watu, na hapo hakuna anayemwona mdogo.

Ila kwenye kioo cha kamera yangu alionekana mdogo.

"Mzee, hapo haitoki vizuri," nikamwambia.

"Haitoki aje?"

"Unakuwa chini sana."

Akacheka, akakisukuma kigoda kwa mguu. "Si wewe ndio unasemanga mfalme anapigwa kutoka chini? Basi nifanye kama yule wa *Taji la Chumvi*, dairekta."

Dairekta. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita hivyo bila kunicheka. Najua unangoja niseme alinihonga. Laiti angenihonga, ningekuwa na kitu cha kusingizia. Alinipa neno moja tu, nami nikalala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja wake, nikampiga amesimama, mbingu nyuma ya kichwa chake, jua likimpiga usoni kote. Alipendeza mno.

Aliongea vizuri mpaka nilipofika kwenye swali ambalo kamati ilinituma.

"Siku inveta ilipotea, nani alikuwa na funguo?"

Erupe akanyamaza. Akafuta jasho. Mbuzi alipita langoni, mzee akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea.

"Hilo swali ni la lazima?"

"Kamati ilisema niulize, mzee."

"Wewe ni dairekta ama ni polisi?" Kisha sauti ikashuka. "Mama alikuwa ameenda kliniki. Funguo aliniachia mimi. Lakini hiyo toa. Itachanganya watu bure."

Nilisikia. Sikuwa kiziwi, wala kamera haikuwa imezimwa.

Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha kanisa na kompyuta yangu mbovu, nikahariri. Nilijiambia kuachiwa funguo si kuiba. Nilijiambia Mama Nawoi atalisema mwenyewe jambo hilo, kwa hiyo halitapotea. Hata hivyo sababu ya kweli haikuwa hizo. Sababu ya kweli ni kwamba kimya kile kilinivunjia picha. Mfalme hasiti. Nilikata kimya, nikakata mbuzi, nikakata jasho, na pamoja navyo nikakata funguo. Erupe akatoka bila doa, sentensi juu ya sentensi.

Kadi ya kamera ilikuwa imejaa na kompyuta haikuwa na nafasi. Nikafuta picha za mwanzo zote, nikabaki na ile niliyoihariri. Nilihitaji nafasi ya Mama Nawoi.

Nikafika kwake Lopur mchana.

"Ejok, mama," nikamsalimu.

"Ejok."

Nilikuwa nimebeba kiti cha plastiki, nikakiweka nje penye mwanga mzuri. Nakuapia nilikuwa na nia njema wakati huo. Akakitazama kile kiti, hakukikaribia. Akaingia ndani ya akai yake, ile nyumba ya vijiti na makuti, akaketi juu ya ngozi karibu na mlango, miguu ameinyoosha, bega amenipa mimi na uso ameuelekeza ukutani.

"Mama, tazama huku kidogo."

Akazidi kugeuka.

Ningemwomba tena. Ningepiga magoti nikamfuata kule kule chini. Lakini nilikuwa nimeshaweka jicho kwenye kamera, na nilichokiona kilinifunga mdomo.

Mwanga ulikuwa unapenya kati ya vijiti, ukamchora shavu moja na shanga zote za shingoni. Upande wa pili ulikuwa giza tupu. Nimeishika kamera miaka, sijawahi kupiga picha nzuri kiasi kile. Nilimfikiria mwalimu Mugure akiiona, akisema, Hardy, sasa umekuwa.

Na papo hapo nilijua holi litasema nini. Nilijua. Nusu giza. Tena nilikuwa nimesimama, kamera inamtazama kutoka juu, mwanamke mdogo kwenye sakafu.

Sikusogea hata hatua.

Aliongea polepole kwa Kiturkana, na cha kwangu kinatosha kumfuata. Alisema siku ile alikuwa Lodwar kliniki. Alisema funguo alimwachia Erupe, mkononi. Alisema inveta hajui iliko. Alikuwa akinyamaza kati ya maneno, na kila akinyamaza shanga zilitikisika kidogo kwenye mwanga. Vimya vyake vyote niliviacha. Vilikuwa vizuri.

Jumapili holi lilijaa mpaka watu wakachungulia kwenye matundu ya mabati. Mama Nawoi hakuja, huwa haingii mahali pale. Erupe alikaa benchi la mbele karibu na Madut.

Nikaanza na Erupe. Alisimama kwenye shuka lile mkubwa kuliko mlango, mbingu yote ni yake. Watu walinyamaza kwa heshima. Alipomaliza, mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu mzee ameongea."

Kisha akaja Mama Nawoi.

Mwanzoni nilidhani mambo yatakuwa sawa. Aliposema funguo alimwachia Erupe, wazee wawili wa Lopur walitikisa vichwa kukubali, na mmoja akawafafanulia Wasomali waliokaa nyuma yake. Erupe aliinamisha kichwa. Nilianza kupumua.

Ndipo Madut, bila ubaya wowote, kwa mazoea tu ya kila Jumapili, akasema, "Nusu giza."

Na mabenchi yakajibu, "Mwongo."

Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, wakainama mbele kumtazama vizuri yule mwanamke aliyekuwa ananyamaza, akigeuza uso, akinyamaza tena. Niliona macho yao yakibadilika. Maneno yake yaliendelea kutoka, lakini hakukuwa tena na mtu wa kuyapokea.

"Lakini mama amesema funguo alikuwa nazo mwenyekiti," mzee mmoja akajaribu.

"Kusema ni kusema," mtu akamjibu. "Mbona hatuangalii?"

"Tumuulize dairekta," mwingine akadakia. "Yeye ndio anajua hizi vitu. Dairekta, kamera inasema aje?"

Holi zima likanigeukia. Erupe naye akageuka. Akanitolea tabasamu, lile la mtu anayekuamini.

Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, imewashwa. Nilitakiwa kusema, jamani, giza hilo ni la nyumba, si la moyo wake. Nilitakiwa kusema, mzee huyu naye alinyamaza, tena zaidi, ila nilimkata. Lakini ningesema hivyo, kesho nani angekuja kunisikiliza? Ningekuwa nimekiri kwamba unabii wangu wote ni mahali mtu anapoamua kuweka miguu ya kamera.

Nikasema, "Kamera haidanganyi."

Mikono ikanyooka. Sikuihesabu. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kesho yake walimnyang'anya funguo. Wakaongeza kwamba yeye na mbuzi wake wasiguse bomba la Lopur, ambalo pampu yake ilikuwa ikivuta kwa inveta ya kuazima, mpaka ile iliyopotea irudi. Tangu siku hiyo Mama Nawoi anachimba maji kwenye laga, ule mto mkavu, kwa mikono, kwenye mchanga, katika mwezi ambao hata laga yenyewe imechoka.

Nilijificha siku kadhaa. Mwishowe nikamtumia Carol ujumbe kwamba naja, nikaomba kibali cha kutoka kambini kwenda Lodwar nikisingizia macho yananisumbua. Karani alinipa pole. Nikaipokea pole ile na kuiweka mfukoni pamoja na kibali.

Carol alikuwa na wateja. Hakuniangalia. Alimweleza mama mmoja namna ya kunywesha mtoto dawa, akarudia tena taratibu, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaniita kule nyuma ya duka kwenye makatoni.

"Nimeiona," akasema. "Imezunguka kwa simu zote. Hata wateja wananionyesha, hawajui ni mama yangu."

"Carol, nilimwekea kiti penye mwanga. Hakukaa. Nikamwomba aangalie kamera, akakataa. Ningefanya nini?"

"Hakukataa kuangalia kamera."

"Alikataa. Alinigeuzia bega kabisa."

"Alikataa kukuangalia wewe." Alikuwa anapanga chupa kwenye rafu. "Nyinyi labda hamfanyi hivyo. Lakini katika nyumba ya mama yangu, na ya mama yake, mama hamkazii macho mwanaume atakayeoa binti yake. Anageuza uso. Anakaa chini. Ni heshima, Hardy. Nilikuwa nimemwambia habari yako wiki ile ile. Hukuwa tena mtu wa kamera. Ulikuwa mkwe."

Mwaka mzima nilikuwa naomba kanisani niisikie habari hiyo. Sasa nimeisikia kati ya makatoni ya panadol, na nilichotaka ni ardhi ipasuke nitumbukie.

Heshima aliyonipa ndiyo niliyoipeleka holini ikaitwa uongo. Nami nikaitia muhuri.

"Kuna jingine," nikasema.

Nikamwambia. Funguo, kimya cha Erupe, maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe. Chupa aliyokuwa ameishika ilibaki hewani.

"Iko wapi hiyo picha?"

"Niliifuta."

"Alikulipa?"

"Hapana."

"Alikutisha?"

"Hapana."

"Basi kwa nini?"

Nilitafuta jibu ambalo lingesikika kama jibu la mtu mzima. Sikulipata. "Kimya kilikuwa kinaharibu picha," nikasema. "Mfalme hasiti."

Carol aliweka chupa chini. Nilitamani anipige. Angenipiga ningejua pa kuanzia.

"Mama anachimba laga," akasema. "Jana alipiga simu akacheka, ananiambia mgongo umekumbuka usichana. Anacheka ili mimi nisilie."

Akatoa simu yake. "Utasema yote haya hapa. Nitume kwa grupu ya maji sasa hivi."

"Hawataniamini. Erupe atakana, na mimi sina ushahidi."

"Hiyo ni juu yako. Kaa."

Palikuwa na katoni pale pale nilipokuwa nimesimama. Ningekaa tu. Badala yake nilitazama huku na huku, nikaona kigoda karibu na mlango wa nyuma, mahali mwanga wa uani ulipoingia laini. Nikaenda kukaa hapo. Nikashusha bega moja. Nikainamisha kidevu kidogo, jinsi anavyoinamisha mtu mwenye majuto.

Sikupanga. Mwili ulijipanga wenyewe.

Carol alitazama kioo cha simu. Kisha akanitazama juu ya simu.

"Umeenda huko kwa nini?"

Nikageuka kutazama mlango wa uani.

"Hardy. Umeenda huko kwa sababu ya mwanga?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaishusha simu. Machozi yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa kavu. "Hata kutubu unataka kupendeza."

Nimetukanwa na watu wengi katika maisha haya, kambini, njiani, nyumbani kwetu. Hakuna tusi lililowahi kunikaa sawasawa namna hiyo.

Nilidhani atanifukuza. Nilikuwa nimeshainuka kwenda.

"Rudi," akasema. Alikuwa anabonyeza namba. "Hutaongea na grupu kwanza. Utaongea na yeye. Huko hakuna picha."

"Carol, tafadhali."

"Huko hakuna picha, Hardy. Utakuwa na mdomo tu."

Simu iliita mara nyingi. Niliomba isishikwe. Nilisikia upepo kwanza, na kitu kikigonga plastiki, dumu labda. Carol akaniwekea simu sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama," nikasema. "Ni Hardy."

Upepo ukapita. Halafu ikaja sauti yake, ya Kiswahili kile cha sokoni, ikihema kidogo kama ya mtu aliyetoka kuinama.

"Hardy. Carol alisema wewe iko njia. Jua ni kali leo." Akavuta pumzi. "Umepewa maji?"

Carol alikuwa amesimama mbele yangu, akinitazama usoni, akingoja nianze.